Kisu Kisichonolewa

Kinolewacho hupata, walisema wahenga, na methali hiyo imetulea vizuri. Mchinjaji anajua jiwe lake la kunolea liko wapi. Seremala anajua tupa ipi inaufaa msumeno upi. Panga la babu humfikia mjukuu likiwa limekonda kwa kunolewa, na bado linafyeka. Katika malezi hayo, makali hupotea na kurudishwa, na mtu anayetupa chuma kwa sababu tu kimekuwa butu huonekana mvivu au mfujaji.

Zama zetu zimeleta kisu kimoja ambacho malezi hayo hayakitoshi. Ni kisu cha plota, ile mashine ya kukatia stika. Ni kifupi kuliko kidole gumba, unene wa mwili wake ni milimita mbili au pungufu, na ncha inayofanya kazi ni ndogo kiasi kwamba jicho tupu haliwezi kuikagua. Hakinolewi. Kikichoka, hubadilishwa. Nimekitafakari kwa muda mrefu, na nimefikia kuamini kwamba namna fundi anavyokichagua, anavyokitunza, na siku anayoamua kuachana nacho, inaonyesha jinsi anavyomheshimu mteja wake na kijana anayejifunza kazi mezani kwake.

Tembea Kariakoo, au katikati ya jiji la Nairobi, utaiona kazi ya kisu hiki kila unapogeuza macho. Jina la shule ubavuni mwa basi. Namba mgongoni mwa jezi ya timu ya mtaa. Saa za kufungua kwenye kioo cha duka la dawa. Dua juu ya kioo cha mbele cha bajaji. Mistari ya rifleka nyuma ya lori. Zamani, nyingi kati ya kazi hizo zilikuwa za mchoraji mwenye brashi na kopo la rangi ya mafuta, na wapo wanaoziendeleza hadi leo. Mapema katika miaka ya 1980, kampuni ya Joseph Gerber, mhandisi aliyezaliwa Vienna mwaka 1924 na kukimbilia Marekani akiwa kijana baada ya Wanazi kuitwaa nchi yake, ilitoa mashine iliyokata herufi za stika kwa maelekezo ya kompyuta. Tangu hapo sehemu kubwa ya uandishi wa barabarani imehama kutoka brashi kwenda kisu. Leo mashine ya namna hiyo inakaa juu ya meza katika kibanda cha mlango mmoja, na ustadi uliokuwa katika kiganja cha mchoraji umebanwa katika ncha hii.

Ili kuielewa ncha, ielewe kwanza stika. Ni tabaka tatu: juu plastiki ya PVC, katikati gundi, chini karatasi iliyopakwa silikoni ili gundi isiigande. Plastiki ya kawaida ya mabango, inayotengenezwa kwa kubanwa kati ya roli, ina unene wa takriban milimita 0.08. Ile bora zaidi, inayomwagwa ikiwa majimaji kisha ikakaushwa, hufikia milimita 0.05. Kisu kinatakiwa kiipite plastiki, kiipite gundi, kisha kiiguse karatasi na kuacha mkwaruzo tu. Kazi nzima ya mashine, pamoja na mota zake na kompyuta yake, inaishia hapo: kukata tabaka mbili na kuisaza ya tatu. Visu vingine tunavisifu kwa kile vinachokikata. Hiki kinasifiwa pia kwa kile kinachokiacha salama.

Wala mashine haikigeuzi. Kisu kimekaa ndani ya kishikio chenye beringi ndogo, kinazunguka chenyewe, na ncha yake haiko katikati ya mhimili wake bali pembeni kidogo. Kwa visu vingi vya mtindo wa kampuni ya Roland, tofauti hiyo ni milimita 0.25. Kichwa cha mashine kinapokwenda, ncha hufuata nyuma na kujielekeza, kama magurudumu ya kitanda cha hospitali yanavyogeuka yenyewe kumfuata anayekisukuma. Lazima plota iambiwe ukubwa wa tofauti hiyo. Ikiambiwa pungufu, pembe za herufi zinaviringika. Ikiambiwa zaidi, pembe zinaota vijipembe. Na herufi O, ambayo kisu kinaanza na kumaliza mahali pamoja, ndiyo shahidi mkuu: vipimo vikikosewa, au kisu kikikataa kuzunguka, mwanzo na mwisho wake havikutani.

Kwa hiyo anayekwenda dukani kununua kisu kipya anahitaji kujua mambo manne kabla hajauliza bei. La kwanza ni unene wa mwili wa kisu, kwa sababu kila kishikio kina tundu lake. Visu vya mtindo wa Roland vina milimita 2. Vya kampuni ya Graphtec vipo vya milimita 0.9 na vya milimita 1.5. Kisicholingana na kishikio ama hakiingii, ama kinacheza ndani, na kisu kinachocheza hakiwezi kuandika jina la mtu. La pili ni urefu, maana kifupi hakifiki kwenye kazi na kirefu hakikai sawasawa katika beringi. La tatu ni pembe ya makali. Nyuzi 45 ni kisu cha kila siku, cha stika za kawaida. Nyuzi 60 ni kwa vitu vinene kama rifleka au stika ya mahameli ya fulana, na pia kwa maandishi madogo yenye kona nyingi. La nne ni ile tofauti ya ncha na mhimili, ambayo lazima ilingane na tarakimu iliyoingizwa kwenye plota.

Rangi ya kofia isimdanganye mtu. Watengenezaji wengi huvalisha visu vyao kofia nyekundu, za njano au za bluu kutambulisha pembe, lakini hakuna sheria ya dunia nzima inayosema nyekundu ni nyuzi ngapi. Soma maandishi kwenye pakiti. Pakiti ikiwa haina maandishi, au ina maandishi yasiyotaja pembe wala unene, hiyo peke yake ni habari ya kutosha kuhusu kilichomo. Na fundi mwangalifu haendi kununua bila lenzi mfukoni. Ncha nzima, ikikuzwa, ina mstari ulionyooka hadi mwisho. Ncha mbovu ina pengo palipomeguka, na kisu cha namna hiyo kimeharibika kabla hakijafanya kazi hata siku moja.

Inafaa kujua pia kisu kimeumbwa kwa nini, kwa sababu matunzo yake yanatoka humo. Visu vizuri vya plota ni vya kabaidi ya tungsteni. Mnamo 1923 nchini Ujerumani, Karl Schröter, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya balbu ya Osram, alisajili hataza ya njia ya kuunganisha unga wa kabaidi hiyo kwa metali, katika utafutaji wa kitu kigumu cha kuvutia nyuzi za tungsteni za balbu badala ya almasi iliyokuwa ghali. Kampuni ya Krupp ikaiingiza sokoni katika miaka iliyofuata, na viwanda vya kukata chuma vikabadilika. Kobalti ndiyo inayoshika chembe za unga pamoja. Matokeo yake ni kitu kigumu kuliko chuma cha pua, kinachodumisha makali muda mrefu sana, lakini hakijui kupinda. Panga likigonga jiwe huumia kidogo, nalo hunyooshwa. Kabaidi ikigonga sakafu ya saruji, ncha inavunjika papo hapo, na hakuna atakayeirudisha. Kuinoa kunataka almasi na vipimo vya sehemu ndogo za milimita, na fundi wa kibanda hana jiwe la namna hiyo. Ndiyo maana kinolewacho hupata, lakini hiki hakinolewi. Ugumu wake na udhaifu wake ni sifa moja.

Basi matunzo yake ni kukikinga kuliko kukitengeneza. Kisu kisicho kazini kirudi kwenye kofia yake, kisilazwe mezani kati ya mikasi na rula za chuma. Kisijaribiwe kwa ukucha. Kinapotolewa kwenye kishikio, kitolewe juu ya kitambaa, ili kikiteleza kisifike chini. Kishikio nacho kifunguliwe mara kwa mara, kwa sababu vumbi la plastiki, nyuzi za karatasi na gundi iliyolainika kwa joto la mchana hupanda humo na kukishika kisu kisizunguke. Brashi laini na kitambaa chenye spiriti vinatosha. Tone dogo la mafuta ya cherehani kwenye beringi, kisha lifutwe, maana mafuta yakishuka kwenye stika, gundi haitashika. Wenzetu wa Tanga, Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam wana adui wa ziada, hewa ya chumvi, ambayo hula beringi ya chuma kimyakimya. Mara nyingi kisu kinacholaumiwa kuwa butu ni kizima, ila kimefungwa na kutu na uchafu.

Kisha kuna suala la kina. Ncha itokeze kwenye kishikio kiasi cha unene wa plastiki na nusu ya karatasi, basi. Wazoefu wana jaribio lisilohitaji umeme: wanashika kishikio kwa mkono, wanakivuta juu ya kipande cha stika kwa nguvu ya kawaida, kisha wanabandua. Plastiki iwe imekatika, na karatasi iwe na alama hafifu ambayo kidole hakiihisi. Plota nazo zina jaribio lake, umbo dogo, mara nyingi duara ndani ya mraba. Bandua duara, likitoka peke yake na mraba ukabaki, mkato unatosha. Bandua mraba, utazame karatasi. Ikiwa na alama nyepesi tu, kina kinatosha. Jaribio hili hula kipande cha stika kisichozidi sarafu, na huokoa mita nzima.

Lakini kiini cha tafakari hii ni kinachotokea siku kisu kinapoanza kuchoka. Hakichoki kwa kelele. Siku ya kwanza ni kona moja ya herufi ndogo iliyogoma kutoka. Kijana anayechambua, yaani anayebandua plastiki isiyotakiwa kuzunguka na ndani ya herufi, anasema, "Fundi, haijakata vizuri." Na fundi, kwa kuwa kazi ni ya haraka na mteja amekaa kwenye benchi akingoja, anajibu neno ambalo vibanda vyote vinalifahamu: "Ongeza presha." Kijana anapandisha gramu kadhaa, mashine inakandamiza zaidi, na kazi inatoka. Wiki inayofuata inaongezwa tena. Na kwa kuwa kila mara inatoka, hakuna anayeona kwamba kilichoongezwa kinaficha kilichopungua.

Hapo ndipo nguvu inapochukua nafasi ya makali, na nguvu haina kipimo cha makali. Kisu kikali hupasua plastiki na kusimama. Kisu butu huisukuma plastiki mbele yake, huichana badala ya kuikata, kisha nguvu ile ya ziada hukizamisha kwenye karatasi. Silikoni inapasuka. Gundi inapata nyuzi za karatasi zilizo wazi na kuzing'ang'ania, na herufi inakataa kutoka au inatoka na kipande cha karatasi mgongoni. Kisu kikizama zaidi hufika kwenye utepe wa mashine ulio chini ya njia yake na kuuchimba mfereji; kuanzia hapo hata kisu kipya kinakata vibaya, kwa sababu kinatumbukia kwenye mfereji ulioachwa na kilichotangulia. Na herufi zenyewe, hata zikibandikwa, kingo zake zina manyoya. Jua na vumbi na maji ya kuoshea gari vinaanzia kwenye manyoya hayo. Mteja anaona stika inabanduka pembeni kabla ya wakati wake, anasema stika za siku hizi ni mbovu, na hakuna anayemwambia kwamba tatizo lilikuwa ncha isiyoonekana.

Naelewa kwa nini fundi anachelewa kukibadilisha. Kisu kizuri kina bei. Soko lina vya bandia vingi, na aliyewahi kuuziwa kibovu anaogopa kununua tena. Kuna siku kazi hazipo na kodi ya kibanda ipo palepale. Kubana matumizi ni fadhila, na hatukulelewa kutupa vitu vinavyofanya kazi. Sina neno baya kwa mtu anayeheshimu shilingi yake. Ninachomwomba ni kwamba apige hesabu yote. Ahesabu stika iliyotupwa kwa sababu herufi zimechanika. Ahesabu utepe uliochimbika. Na zaidi ya yote, ahesabu saa za yule kijana.

Maana gharama ya kisu butu haimwangukii mwenye mashine kwanza. Inamwangukia anayechambua. Yeye ndiye anayekaa ameinama na kibano mkononi, akitoa matumbo ya A na B na R moja moja, akishikilia kwa ukucha herufi ambazo hazikukatika, akikaza macho chini ya taa hafifu. Kazi iliyopaswa kuwa ya dakika chache inakula mchana wake. Nao wanaochambua mara nyingi ni wanagenzi, ambao hawana sauti ya kusema kisu kibadilishwe. Kwa muda mrefu nimeamini kwamba ukitaka kujua hali ya zana katika karakana yoyote, usimuulize mwenye karakana. Tazama vidole vya aliye mdogo kuliko wote.

Na jambo hili halikai kwenye stika peke yake. Mwalimu ambaye somo lake limechujuka huongeza sauti na fimbo. Ofisi ambayo utaratibu wake umechakaa huongeza mihuri na safari za mwananchi. Mzazi aliyeishiwa na maneno huongeza ukali wa uso. Kila mmoja wao anapata matokeo kwa muda, kama plota inavyopata, na kila mmoja anachimba mfereji chini yake bila kujua. Swali la plota linafaa kuulizwa kote huko: ninaongeza nguvu kwa sababu kazi ni ngumu kuliko jana, au kwa sababu makali yangu yamepungua?

Kwa plota swali hilo lina jibu la wazi. Fundi aandike kwenye ukuta presha anayotumia kisu kikiwa kipya, kwa stika anayoikata kila siku. Tarakimu hiyo ndiyo kipimo chake. Ikibidi apande juu yake kwa stika ileile, asafishe kishikio kwanza. Ikiwa bado haikati, achukue lenzi. Akiona ncha imeviringika au imemeguka, abadilishe, na baada ya kubadilisha ashushe presha irudi ilipokuwa. Wengi wanasahau hatua hii ya mwisho: wanaweka kisu kipya chini ya presha ya kisu cha zamani, na kinaharibika mapema, halafu wanasema visu vya sasa havidumu.

Aidha, visiwe visu vyote kwa kazi zote. Rifleka za kawaida zimejaa chembe za kioo, ambazo ndizo zinazorudisha mwanga wa taa za gari, na chembe hizo hula makali upesi kuliko plastiki tupu. Fundi mwenye visu viwili, kimoja kwa rifleka na kazi nene, kingine kwa herufi ndogo na stika safi, ananunua mara chache kuliko mwenye kimoja. Kisu kilichostaafu kwenye herufi ndogo bado kinaweza kutumika kwenye herufi kubwa za nyuma ya lori. Huo ndio ubanaji matumizi unaoendana na zana hii: kukipa kila kimoja kazi kinayoiweza, na kutokimaliza kilicho bora kwa kazi yoyote iliyokuja mbele.

Na siku kisu kinapofika mwisho kabisa, kisitupwe kwenye ndoo pamoja na mabaki ya stika. Kimekuwa butu kwa kazi yake, si kwa ngozi ya binadamu. Taka zetu hupita mikononi mwa watu: mzoa taka wa mtaa, mama anayeokota plastiki dampo, mtoto anayechezea mabaki ya rangi yanayong'aa. Weka chupa ya plastiki yenye kifuniko chini ya meza, dondosha humo kila kisu kilichochoka, ikijaa ifunge kwa tepu na uandike kilichomo. Ni jambo dogo, na anayelifanya amemkumbuka mtu ambaye hatamwona kamwe.

Ninyi mafundi mnaosoma haya, mnaandika majina ya watoto wa watu kwenye jezi zao na majina ya biashara walizozianzisha kwa mkopo. Badilisheni kisu kwa wakati. Kisu kipya ni gharama yako, fundi. Kisu butu ni gharama ya mteja na ya kijana wako, na wao hawakuulizwa.